UZI: Stesheni yetu ya muziki Malindi ilivyobadilishwa jina. Tuliosikiliza na tuliofanya kazi pale, tuandike

Bi Kanda (Malindi)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Wiki iliyopita nilipanda tuktuk sokoni kurudi Barani. Dereva kijana, redio yake iko juu, na masafa ni yaleyale niliyoyafanyia kazi miaka 11. Nikamwuliza kama anakumbuka stesheni ile ikiitwaje zamani. Akapunguza sauti kwa adabu, akaniambia, "Mama, mimi tangu nianze kusikiliza ni jina hilihili." Nikamlipa, nikashuka, na tangu siku hiyo sijatulia. Ndipo nikasema niandike na mimi kabla sijasahau.

Jina sitalitaja, la zamani wala la sasa. Kuna watoto wa watu wanaokula pale. Wenyeji mtaijua kwa maelezo.

Ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Studio ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, chini duka la vitambaa. Ilikuwa stesheni ya biashara, na mali yake kubwa ni muziki: asubuhi bongo fleva, mchana rumba na salamu, jioni chakacha na mwanzele, na kuanzia saa tatu usiku taarab mpaka watu walale. Kazi yangu ilikuwa maktaba. Kila kanda iliyoingia ilipita mikononi mwangu. Naipa namba, naisikiliza pande zote mbili, naandika daftarini wimbo upi umekatika na upi una mluzi. Nilikuwa na makabati matatu. Moja la taarab peke yake: Zein l'Abdin na udi wake, Juma Bhalo, Maulidi Juma, Zuhura Swaleh. La pili rumba na nyimbo za mahoteli. La tatu ndilo lililonikaa moyoni, maana hamkuwa na kitu cha dukani hata kimoja. Humo mlikuwa na harusi za Malindi na Mambrui tulizozirekodi wenyewe, vugo la kina mama, ile ngoma ya harusi ya kugonga pembe, ngoma za Wagiriama zilizopigwa mbele ya maikrofoni yetu, na vipindi vya salamu vya miaka mingi.

Halafu ikauzwa. Jumamosi usiku mwenzetu wa zamu alifunga kipindi kama kawaida yake, akaaga, "Panapo majaaliwa, kesho." Hiyo kesho hakupewa. Siku mbili mfululizo zilipigwa nyimbo tupu, hakuna sauti ya mtu, hakuna kutajwa saa, hakuna tangazo la kifo. Jumanne asubuhi likasemwa jina jipya kwa sauti ya mtu aliyerekodiwa Nairobi.

Mji ulidhani mtambo umeharibika. Siku ya pili ya kimya kile bibi mmoja alizipanda ngazi zote, hela amezifunga kwenye ncha ya leso, amekuja kulipia tangazo la hitma ya mumewe. Mlinzi mpya akamwambia hapa hakuna huduma hiyo. Nilikuwa nimesimama pale kwenye kona ya ngazi nikisubiri kuambiwa kama nina kazi au sina. Nilimshika mkono bibi yule tukashuka pamoja, ngazi moja moja, na hakusema neno mpaka tulipofika chini. Chini akaniuliza, "Sasa watu watajuaje?"

Mtu asije akaniambia ninalilia jina. Majina hubadilika. Utangazaji Kenya ulianza 1928, enzi za mkoloni. Tulipopata uhuru chombo kilikuwa kinaitwa Kenya Broadcasting Corporation. Mwaka 1964 kikageuzwa kuwa Voice of Kenya, ndiyo VOK tuliyokua nayo. Mwaka 1989 sheria ikarudisha KBC. Marehemu baba yangu kule Mambrui aliendelea kusema VOK mpaka siku anaingia kaburini, na hakuikosa stesheni yake hata siku moja, kwa sababu jina liligeuka na Leonard Mambo Mbotela akabaki. Kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilianza 1966, kikavuka VOK kikaingia KBC, na sauti ni ileile. Baba alikuwa hasomi maandishi ya Kizungu. Angejuaje kwamba ubao wa mlangoni umebadilishwa?

Na wakubwa wenzangu mnakumbuka Jumapili ile ya tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi waliojaribu kupindua serikali waliiteka VOK, wana bunduki, wana jengo, wana mitambo. Bado walimfuata Mbotela nyumbani kwake wakamleta asome tangazo lao. Walijua kwamba Wakenya hawataamini mpaka wasikie sauti wanayoijua. Mimi hilo ndilo funzo langu la redio, nililipata kabla sijaingia studio.

Sasa nauliza: nani anakumbuka siku zile mbili za nyimbo tupu? Mlidhani nini? Na je, kuna aliye na kanda yoyote aliyoinasa kutoka stesheni yetu? Hili la pili nitalieleza.

---

Dereva wa Maweni

Shikamoo mama. Mimi nakumbuka. Wakati huo nilikuwa nauza madafu pale karibu na jeti. Tulikuwa na redio moja ya betri, tunachangiana kununua betri. Ile Jumapili tulibadilisha betri tukidhani zimekwisha, maana nyimbo zinapigwa na mtu hasemi. Tukanunua nyingine bure.

Kilichoniuma ni salamu. Kuna jamaa wa Ngomeni alikuwa akimtumia salamu mkewe kila Alhamisi, mwaka mzima, na mke yuko nyumba hiyohiyo. Sisi sote tulikuwa tukisubiri tusikie Alhamisi hii atasema nini.

---

Mzee Bin Amu (Lamu)

Waalaikumu salaam Bi Kanda.

Huku Amu stesheni yenu ilikuwa haitufikii. FM huenda kwa mstari ulionyooka, ikikutana na upeo wa bahari imekwisha, na kutoka Malindi hadi huku ni mbali. Ila misimu mingine, jioni ya joto kali na bahari imelala, mawimbi ya redio hupinda juu ya maji yakafika yasipotarajiwa. Nakumbuka nikiwa juu ya dari nyumbani Langoni, nimelala chali, na udi wa Zein l'Abdin ukaingia ghafla, safi kama yuko kibarazani kwangu. Zein ni wetu, mzaliwa wa huku, lakini usiku ule alitujia kutoka kwenu. Dakika kama ishirini, kisha mchanga ukameza.

Sisi wa umri wangu tumelelewa na mitabendi, yaani redio ya AM. Mchana unapata stesheni ya karibu tu. Jua likizama ile tabaka ya hewani inayomeza mawimbi mchana hutoweka, na ulimwengu mzima ukaingia muini: Unguja, Dar es Salaam, Waarabu, Wahindi. Marehemu ami yangu nahodha alijua kuzipata stesheni kwa kidole, hatazami namba. Nyingi zimeshageuka majina. Sauti ya Unguja ikawa Sauti ya Tanzania Zanzibar, sasa ni ZBC. Radio Tanzania Dar es Salaam ikawa TBC. Kidole cha ami kilikwenda palepale.

Nitarudi. Adhana ya isha imeadhiniwa.

---

Fundi Mitambo (Mtwapa)

Dada yangu Bi Kanda, nakuheshimu sana, na kaseti nyingi nilizowahi kuletewa na stesheni yenu nilizitengeneza mimi. Lakini acha niseme upande wa pili, maana niliuona mtambo ule ndani.

Stesheni ilikuwa inakufa. Umeme unakatika, jenereta inameza dizeli, pesa za matangazo ya biashara ni za maduka manne na hoteli zinazolipa msimu wa watalii tu. Msimu ukiwa mbaya hakuna kitu. Hapo bado mirabaha ya wanamuziki kwa MCSK, chama cha hakimiliki za muziki, bado kodi ya mnara, bado mishahara. Redio ya biashara nyimbo ni chambo tu. Anachouziwa mwenye duka la simiti ni masikio ya watu wa Malindi, na yule tajiri wa awali alishindwa kuyauza.

Halafu watu huchanganya mambo mawili. Masafa si mali ya mwenye stesheni. Ni ya umma, na hugawiwa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo nayo zamani tukiijua kwa jina la CCK. Aliyenunua alikuwa anataka leseni na mnara. Jina lenu kwake lilikuwa kibandiko, maana ana stesheni nyingine na tangazo moja analiuza kwa zote. Hata kwenye redio za magari zinazoonyesha jina, nafasi ni herufi 8 tu. Jina lenu la zamani lilikuwa refu, linakatika katikati. Mimi mwenyewe ndiye niliyelibadilisha kwenye mashine. Kazi ya dakika mbili.

Sisemi alifanya vizuri. Nasema msimlaumu kwa jina.

---

Bi Kanda

Fundi, umesema kweli na sikupingi. Mishahara ya miezi mitatu ya mwisho sikuilipwa, kwa hiyo najua ilivyokuwa inakufa. Na mwaka 1996 Capital FM ilipofunguliwa Nairobi, ya kwanza ya kibinafsi kwenye FM, wengi walifikiri redio ni kuweka mnara na kungoja pesa zije. Baada ya hapo zilifunguliwa nyingi. Kupona ni kazi nyingine.

Lakini umenishtua kwa hilo la dakika mbili. Sikujua ni wewe.

---

Fundi Mitambo

Ni mimi. Niliitwa Jumatatu usiku. Sikujua kama hamkuambiwa.

---

Mwana wa Shela (London)

Salaam kwenu. Mimi ni mtoto wa Shela, Lamu, niko huku miaka mingi, naendesha gari la kupeleka vifurushi, kwa hiyo redio ndiyo jirani yangu. Niruhusuni niwaletee kisa cha huku kwa sababu kinafanana na kwa upande mmoja hakifanani kabisa.

Kulikuwa na stesheni ya biashara ya muziki wa roki, Virgin 1215. Ilifunguliwa tarehe 30 Aprili 1993 saa sita na robo mchana. Kizungu hiyo ni 12:15, na masafa yake ya mitabendi yalikuwa 1215, kwa hiyo saa na masafa vikawa kitu kimoja. Mwenyewe Richard Branson, yule wa ndege za Virgin. Baadaye wakapata na FM ya London. Mwaka 1997 ikanunuliwa na kampuni ya mtangazaji wake mwenyewe wa asubuhi, Chris Evans. Mwaka 2000 kampuni ya Evans nzima, redio na televisheni, ikauzwa kwa SMG ya Uskoti kwa pauni milioni 225. Mwaka 2008 SMG wakaiuza redio kwa kampuni ya kundi la Times of India kwa pauni milioni 53 na kidogo.

Hapo ndipo jina linapoingia. Jina la Virgin lilikuwa la Branson, stesheni ililitumia kwa leseni. Wahindi walinunua redio, jina hawakulichukua. Ikabidi wabuni jingine: Absolute Radio.

Sasa sikilizeni walivyofanya. Mwanzoni mwa Septemba 2008 walitangaza hadharani kwamba jina linakwenda kubadilika, na jina jipya wakalitaja. Badiliko lenyewe likaja mwishoni mwa Septemba. Karibu mwezi mzima mtu anaambiwa kila siku na watangazaji walewale anaowajua. Mimi nilikuwa kwenye gari siku zile, nilikuwa nimeshazoea kabla halijafika. Na Christian O'Connell, aliyekuwa akitufungulia asubuhi tangu 2006, alibaki na asubuhi yake mpaka 2018. Gitaa lilelile, utani uleule. Wenzangu wawili kazini walihama kwa hasira, mmoja akarudi.

Na wakaweka ahadi ambayo msikilizaji anaweza kuipima mwenyewe: kwamba wakati wa kazi, mchana, wimbo hautarudiwa. Jina jipya likawa na kitu cha kushikia.

Mwaka 2013 ikanunuliwa tena, na Bauer, na jina la Absolute likabaki. Mitabendi ya 1215 ikazimwa Januari 2023. Virgin nayo ikafufuliwa 2016, stesheni nyingine kabisa, ya dijitali, mwenyewe mwingine, na 2019 Chris Evans akarudi kuiendesha asubuhi. Kwa hiyo leo majina yote mawili yako hewani na mtu wa umri wangu anaweza kuchagua.

Bi Kanda, nikisoma habari ya yule bibi na hela kwenye leso, naona tofauti ni huo mwezi mmoja. Tajiri wa huku alipoteza jina lililokuwa na thamani kubwa na akaona ni lazima amwambie msikilizaji. Tajiri wenu alinunua kwa bei anayoijua mwenyewe, na kuwaambia kungemgharimu nini? Mtangazaji wenu angesema mwenyewe, kwa sauti yake, "Jamani, kuanzia tarehe fulani tutaitwa hivi." Hakuna tangazo rahisi kuliko hilo.

---

Dereva wa Maweni

Kaka wa London umesema. Hata mtu akihama nyumba huaga majirani.

---

Bi Kanda

Mwana wa Shela, ahsante sana, mwanangu. Nimeisoma mara mbili. Hilo la kuachiwa mtangazaji aseme mwenyewe limenikumbusha mwenzetu yule wa Jumamosi. Mpaka leo watu humsimamisha njiani wakamwuliza mbona aliahidi kesho akaingia mitini. Wanafikiri ni yeye.

Sasa niwaeleze la kanda, ndilo hasa lililonileta.

Walipoingia wapya walikuja na kompyuta. Nyimbo zote zimo humo, mamia kwa mamia, zimepangwa tayari, na zinapigwa zilezile katika stesheni zao zote. Kabati langu halikuwa na kazi. Nilielewa. Nilichoomba ni wiki mbili nizihamishe, nikaambiwa sawa. Siku ya nne nilikuta makabati yametolewa nje, yako kibarazani nyuma ya jengo, milango imetolewa, kanda zimemwagwa kwenye magunia ya mchele. Ilikuwa Mei, masika yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wote.

Nilikodi mkokoteni. Mvutaji mkokoteni, Mungu amjaze kheri, alikataa pesa ya safari ya pili. Nilichokipata ni kama kabati moja na nusu. Daftari langu la namba sikulipata. Bila daftari kanda nyingi ni plastiki tu iliyoandikwa "H-114", na mimi ndiye pekee nijuaye kwamba H ni harusi.

Tangu hapo ninazisafisha sebuleni. Niwaeleze inavyofanywa, huenda na nyinyi mna za kwenu kabatini. Maji ya mvua si adui mkubwa kama mnavyodhani. Adui ni chumvi na ukungu. Ukiishika kanda juu ya taa utauona ukungu kwenye ukingo wa utepe uliozungushwa, mweupe, kama unga wa muhogo. Ukiicheza hivyohivyo unga ule unaingia kwenye kichwa cha mashine, na kanda itakayofuata itaharibika sauti. Kwa hiyo kwanza naipeleka nje kwenye hewa, naifungua skrubu tano, naitoa mizunguko miwili ya utepe kwa vidole viwili bila kuibana, naipangusa kingo kwa kitambaa laini cha pamba. Kile kisponji kidogo kinachokandamiza utepe huwa kimeshang'oka, gundi imeliwa na joto. Kwa hiyo nanunua kaseti mpya tupu, nachukua gamba lake, na utepe wa zamani nauhamishia humo. Nauzungusha wote kwa kalamu ya Bic mpaka mwisho na kurudi, taratibu, ili uachane. Kisha nasafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti. Ndipo naicheza, mara moja tu, na mara hiyohiyo inaingia kwenye kompyuta ya mwanangu. Siiamini mara ya pili.

Mwezi uliopita nilifungua moja isiyo na maandishi kabisa. Dakika nzima ni kelele. Halafu ikaja sauti ya mwanamke anacheka, akasema, "Sogeza hiyo maikrofoni, mwanangu, sisi hatuna haraka," na vugo likaanza. Pembe zile zinagongwa, kina mama wanaitikia, na katikati nikamsikia marehemu mama yangu. Sikujua kama alikuwepo siku ile. Sauti yake nilikuwa sijaisikia kwa miaka kumi na mitatu.

Kwa hiyo nawauliza tena. Wengi wenu mlikuwa mnanasa vipindi vyetu nyumbani. Mtu alikuwa anaweka kaseti tupu, anasubiri wimbo wake, anabonyeza. Zile kaseti zenu sasa ndizo maktaba. Msizitupe.

---

Mtangazaji Chipukizi

Shikamoo mama Bi Kanda.

Nimefikiria siku mbili kama niandike. Mimi nafanya kazi pale, kwenye jina jipya. Nilikuwa darasa la sita lilipobadilika. Nilikuwa sijui kabisa habari za makabati. Ninachojua ni kwamba chumba ninachowekea mkoba wangu kina misumari ya rafu ukutani na hakuna rafu.

Wasikilizaji wanapiga simu kila wiki wakiomba nyimbo ambazo kompyuta haina. Wanaimba kipande kwenye simu nami naandika maneno, natafuta intaneti nzima, sipati. Kuna mzee wa Gongoni huomba wimbo mmoja wa harusi, anasema ulikuwa ukipigwa kwenye stesheni "hii hii, binti, hii hii." Mimi nilikuwa nafikiri amechanganya. Sasa nimeelewa.

Orodha ya nyimbo inatoka Nairobi na siwezi kuigusa. Lakini nina saa moja ya Jumapili usiku ambayo wameniachia nipange mwenyewe kwa sababu haina mdhamini. Ukiniruhusu, mama, nije nyumbani nisikilize. Na nikipiga chochote nitasema kilirekodiwa wapi, na stesheni ikiitwa nani wakati huo. Hilo hakuna aliyenikataza.

---

Bi Kanda

Marahaba mwanangu. Njoo. Jumamosi baada ya alasiri. Njoo na hedifoni zako. Na umlete huyo mzee wa Gongoni ukiweza, au angalau umrekodi anavyouimba, niutafute.

Ila kwanza tutawauliza wenyewe. Zile ni harusi za watu. Wengine wamekufa, wana watoto. Vugo si la kila sikio, kina mama wanajua ninachosema, na waliimba siku ile wakijua linakwenda kwenye redio ya mjini kwao, saa ya usiku. Tutapita nyumba kwa nyumba. Tunazijua.

---

Fundi Mitambo

Bi Kanda, nina mashine ya kaseti ya studio, ya vichwa vitatu, iko dukani kwangu imefunikwa. Ilitoka kwenu. Walipofagia walinipa kama sehemu ya malipo yangu ya ile Jumatatu. Nitabadilisha mikanda yake ya mpira, imelegea, nikuletee. Haitakuwa kwa kuazima.

---

Mzee Bin Amu (Lamu)

Nimerudi. Nilikawia kwa sababu nilikuwa nikitafuta.

Shangazi yangu aliolewa Malindi, akaishi Shella ya huko mpaka alipofariki. Alikuwa akitunasia vipindi vyenu na kutuletea kila Maulidi alipokuja kuzuru msikiti wa Riyadha, maana alijua hatuipati stesheni. Nimefungua sanduku lake. Kaseti tisa. Ameziandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili cha kwetu, mwandiko wake mzuri. Sita ni taarab. Mbili zimeandikwa "salamu", na miaka. Moja imeandikwa "Usiku wa Bi Kanda wa mwisho."

Sijaicheza. Mashine yangu ni mbovu, nilikhofu itaila.

---

Bi Kanda

Mzee wangu.

Usiicheze. Usiizungushe. Usiifungue. Ile ya kipindi changu cha mwisho sikuwa najua kama kuna mtu aliyeinasa. Mimi mwenyewe sikuwa nayo.

Zifunge kwenye karatasi ya gazeti, si mfuko wa plastiki, plastiki itazitoa jasho. Halafu kwenye mkebe wa biskuti. Kwenye mashua ya Mokowe mkebe ukae mapajani, usiwekwe chini kwenye maji ya ngama. Kwenye basi usiwekwe karibu na spika wala juu ya injini, spika ina sumaku. Asizipeleke dereva. Azilete mtu. Ukipata anayekuja kabla ya Jumamosi niambie ni basi lipi na saa ngapi, nitakuwa stendi mimi mwenyewe, na huyu binti wa redio atakuwa nami. Nitavaa leso nyekundu.